Mita Moja, Vyumba Vinane: Kisa cha Bei ya Umeme katika Ploti Iliyo Karibu na Mabwawa ya Tana

Usuli

Kisa hiki kilitokea kati ya Januari 2023 na Machi 2024 katika kituo kidogo cha biashara kwenye kaunti mojawapo ya mashambani nchini Kenya, katika sehemu ya juu ya bonde la Mto Tana. Majina ya kaunti, ya kituo na ya wahusika wote yameondolewa, na uniti za umeme zimesawazishwa ziwe nambari kamili. Nilihusika kwa sababu wapangaji waliniomba niwasomee risiti zao za tokeni; sikuwa na mamlaka yoyote juu ya mwenye ploti wala juu ya kampuni inayosambaza umeme.

Ploti yenyewe ni safu mbili za vyumba vya mawe vinavyotazamana, vinane kwa jumla, na katikati pana uwanja wa kuanikia nguo. Iliunganishiwa umeme chini ya ule mradi wa serikali ulioanza mwaka 2015, uliowaunganisha kwa shilingi 15,000 wenye majengo yaliyo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mwenye ploti alilipia mara moja na kupata mita moja, halafu fundi akapitisha nyaya kutoka chumba hadi chumba. Wakati huo hakuna aliyeona kasoro katika mpangilio huo, na hata mimi nisingeiona.

Ukisimama uwanjani humo unaona nguzo za chuma za njia kuu ya umeme zikipanda kilima kuelekea Nairobi. Mto Tana ndio uliozalisha umeme mwingi wa maji wa nchi kwa zaidi ya nusu karne: mtambo wa Kindaruma ulianza mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Mambo haya yanaingia katika kisa kwa kuwa ndiyo yaliyotawala mazungumzo ya wapangaji kwa miezi mitano ya mwanzo, na kuyaelekeza mahali ambapo bei yao haikupangwa.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 2022 umeme wa nyumbani ulikuwa umepunguzwa bei, na ploti ikilipa shilingi 12.60 kwa uniti kabla ya tozo. Januari 2023 nafuu hiyo iliondolewa na bei ikarudi 15.80. Tokeni zilizozoeleka kufika tarehe 20 zikaanza kuisha mapema. Wa kwanza kushukiwa alikuwa msimamizi wa ploti, ambaye ndiye aliyekuwa akikusanya mchango na kununua tokeni kwa simu yake. Alionyesha ujumbe wote wa malipo, lakini kwa wiki kadhaa kuna waliokataa kumpa fedha mkononi.

Tarehe 1 Aprili 2023 viwango vipya vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, vilianza kutumika. Wateja wa nyumbani waligawanywa katika madaraja matatu kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi walilipa shilingi 12.22 kwa uniti, wa kati ya 30 na 100 walilipa 16.30, na waliopita 100 walilipa 20.97. Kabla ya hapo daraja la chini lilikuwa likifika uniti 100. Ploti yetu, yenye uniti 176 kwa mwezi katika mita moja, iliangukia daraja la juu kabisa. Gharama ya nishati pekee, bila tozo yoyote, ilikuwa shilingi 2,217.60 mwaka 2022. Kuanzia Aprili ikawa shilingi 3,690.72 kwa uniti zile zile.

Mwisho wa Aprili chifu aliitisha baraza. Hoja iliyopokelewa kwa makofi ilikuwa kwamba maji ni ya eneo hili, mashamba ya wazee yalimezwa na mabwawa, na kwa hiyo wakazi wastahili bei yao wenyewe iliyo chini ya ile ya jijini. Barua ikaandikwa kwa mwakilishi wa wadi. Nilialikwa mwezi wa Mei, baada ya barua hiyo kukaa bila jibu, na nilichoulizwa ni kama risiti zingeweza kuthibitisha kwamba eneo linaonewa.

Risiti zilithibitisha jambo jingine. Mwalimu wa shule ya msingi, anayekaa chumba cha tatu, alikuwa na dada yake anayeishi peke yake ng'ambo ya barabara akiwa na mita yake. Tulipoziweka risiti mbili za mwezi mmoja mezani, dada alikuwa akilipa 12.22 kwa uniti na ploti 20.97, na wote wawili wakivuta umeme kutoka transfoma moja. Bwawa lilikuwa umbali ule ule kwa wote wawili.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupima kabla ya kudai chochote. Wapangaji walikuwa wakichanga sawa kwa sawa, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye anayewabeba wenzake. Mwenye ploti alikubali kununua mita ndogo za ndani, zile zinazohesabu tu bila kutoa tokeni, na fundi akazifunga mlangoni mwa kila chumba mwezi wa Juni. Baada ya miezi miwili wastani ulikuwa hivi: chumba cha mama anayeuza soda na maziwa kwa friji, uniti 62, mwalimu, 28, msimamizi pamoja na taa za nje za ulinzi, 24, vyumba vilivyobaki 18, 16, 12 na 10, na chumba cha nyanya anayewasha balbu moja na kuchaji redio, uniti 6.

Tozo mbili zinazokokotolewa kwa asilimia, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya umeme wa vijijini ya asilimia 5, zikijumlishwa juu ya gharama ya nishati, kila chumba kilikuwa kikichanga takribani shilingi 558 kwa mwezi. (Gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni nimeyaacha nje ya hesabu, kwa kuwa hubadilika kila mwezi na hayategemei daraja la mteja.) Nyanya alikuwa akilipa shilingi hizo 558 kwa umeme ambao, kwa mita yake mwenyewe, ungemgharimu takribani 89. Hakuwahi kulalamika barazani. Alipoambiwa nambari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni kwa mwezi au kwa wiki.

Uamuzi wa pili, wa Agosti, ulikuwa kila mmoja alipe kulingana na mita yake ndogo. Ulikuwa wa haki, na ulileta ugomvi mkubwa kuliko wote. Nyanya alishuka hadi shilingi 152. Mama wa friji alipanda kutoka 558 hadi 1,573, naye akasema, bila kukosea, kwamba hakuna mtu mwenye friji moja ndogo anayelipa bei hiyo popote kituoni. Kwa mita yake mwenyewe, uniti zake 62 zingekuwa katika daraja la kati na zingemgharimu takribani 1,223. Kwa maneno mengine, mchango wa sawa kwa sawa ulikuwa umemficha, na mita ndogo zikamfichua kwa bei isiyo yake. Alitishia kuhama. Wapangaji wakakubaliana kwamba kwa muda alipe 1,223 na tofauti igawanywe kati ya wengine saba; mpango huo ulidumu kwa sababu kila mtu alijua ni wa muda.

Hapo ndipo ilipokuwa wazi kwamba mita ndogo hugawa gharama tu, wala haziwezi kuipunguza, kwani kampuni huiona ploti kama mteja mmoja anayetumia uniti 176. Uamuzi wa tatu ulikuwa kuomba mita kamili kwa kila chumba. Mwenye ploti alisita kwa zaidi ya mwezi. Sababu zake zilikuwa za maana: kila ombi lilihitaji nakala ya kitambulisho, namba ya mlipa kodi na cheti cha fundi aliyesajiliwa kuhusu uwekaji wa nyaya, na nyaya za mwaka 2016 zilikuwa zimepita chumba hadi chumba, kwa hiyo zilipaswa kuvutwa upya kabla fundi yeyote hajatia sahihi. Pia aliogopa mpangaji kuhama na kumwachia deni, hofu iliyotokana na mita za zamani za kulipa baada ya matumizi. Mita ya tokeni haiachi deni la matumizi. Alikubali baada ya wapangaji kuahidi kuchangia nusu ya gharama ya nyaya kwa awamu.

Oktoba jibu lilikuja: mita nne ndizo zilizopatikana kwa wakati huo, nyingine zingesubiri. Swali la nani apewe kwanza lilijadiliwa jioni mbili, na ndilo ninaloliona kuwa na mafunzo mengi zaidi katika kisa chote.

Nani apewe mita kwanza

Hisia ya wengi, na nakiri ilikuwa yangu pia kabla ya kuchukua kalamu, ilikuwa kuwapa wanaotumia kidogo. Nyanya apate mita, na wale wa uniti 10, 12 na 16. Wangekwenda moja kwa moja kwenye daraja la chini na kulipa shilingi 537.68 kwa uniti zao 44. Lakini mita ya zamani ingebaki na uniti 132, ambazo bado zimepita 100, na hizo zingegharimu 2,768.04. Jumla ya ploti ingekuwa 3,305.72, yaani nafuu ya shilingi 385 tu kwa mwezi.

Tukageuza. Tukiwapa mita mpya wanne wanaotumia zaidi, friji inalipa 1,010.60 kwa daraja la kati. Mwalimu, msimamizi na yule wa uniti 18 wanalipa jumla ya 855.40 kwa daraja la chini. Na mita ya zamani inabaki na uniti 44 za wale wadogo, ambazo kwa pamoja ziko daraja la kati na zinagharimu 717.20. Jumla ni 2,583.20. Nafuu ni shilingi 1,107.52 kwa mwezi, kabla ya kuongeza asilimia 21 ya tozo inayoshuka pamoja nayo. Mita zote nane zingepatikana, nafuu ingekuwa 1,287.04, kwa hiyo mita nne zilizopangwa vizuri zilitoa takribani asilimia 86 ya faida yote.

Fundi, mtu wa maneno machache, alipendekeza njia ya tatu. Friji ikae peke yake, na vyumba saba vilivyobaki viunganishwe ndani ya mita nne: 28 peke yake, 24 na 6, 18 na 10, 16 na 12. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kila mita ingebaki ndani ya uniti 30 na ploti ingepata nafuu yote bila kusubiri mita za baadaye. Tuliikataa. Mita moja ingesimama kwenye uniti 30 kamili, na zile nyingine zingebakiwa na uniti mbili tu, kiasi ambacho pasi ya nguo inakimaliza kwa jioni chache. Isitoshe, ingewarudisha watu wawili wawili katika ugomvi uleule waliotoka nao. Nilipendezwa na akili ya wazo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kulitetea.

Wadogo walikubali kungoja, kwa masharti kwamba mita ndogo za ndani zibaki milangoni mwao na kwamba mita ya kwanza itakayofuata ni ya nyanya.

Matokeo

Mita nne zilifungwa mwanzoni mwa Novemba 2023. Wale wanne wadogo walitarajia kushuka siku hiyo hiyo, na haikuwa hivyo. Daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu, na mita ya zamani ilikuwa bado imebeba uniti 176 za Septemba na 176 za Oktoba. Baada ya Novemba wastani wake ulikuwa 132. Ulishuka hadi 88 baada ya Desemba. Kwa miezi miwili, basi, wadogo waliendelea kulipa 20.97 huku wakubwa wakishangilia, na maneno yaliyosemwa uwanjani wakati huo hayafai kuandikwa hapa. Tulikuwa tumeyajua madaraja lakini hatukuwa tumewaeleza kuhusu wastani huo. Kosa hilo ni langu.

Mwalimu naye alipata pigo la aina nyingine. Mwezi wa Desemba, kabla ya kusafiri, alinunua tokeni za kutosha hadi Februari, jumla ya uniti 60, akidhani anajipanga. Kwa mteja wa tokeni kinachohesabiwa ni alichonunua mwezi huo, hata kama hajakitumia. Wastani wake ukapita 30, akahamia daraja la 16.30. Alirudi daraja la chini baadaye, baada ya kuanza kununua kidogo kidogo kila wiki.

Kufikia Machi 2024 nyanya alikuwa akilipa takribani shilingi 118, kwa hesabu ya viwango vya Aprili 2023 ambavyo nimevitumia kotekote ili kulinganisha. Mama wa friji hakuhama. Mita nne zilizobaki zilikuwa hazijafika nilipofunga daftari langu, na mwenye ploti alikuwa ameongeza kodi kidogo ili kurudisha nusu yake ya gharama ya nyaya, jambo lililokula sehemu ya nafuu ya vyumba vyote. Barua ya baraza haikubadilisha bei.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi kilikuwa cha bei nafuu kuliko vyote: kuweka risiti mbili mezani. Miezi mitano ya mabishano iliisha kwa dakika chache, kwa kuwa dada wa mwalimu alikuwa jirani na alikuwa na transfoma ileile. Kama tungeanza na maelezo ya muundo wa bei, nadhani tungekuwa bado tunabishana.

Mita ndogo zilifaulu kwa kile zilichoweza. Nyanya alipata sehemu kubwa ya nafuu yake, kutoka 558 hadi 152, kutokana na mita ndogo na si kutokana na mita mpya. Anayetaka haki ndani ya ploti anaweza kuipata bila kuiomba kampuni chochote. Lakini daraja la chini limefungwa kwenye mita, na hapa ndipo ninapoona kasoro ya sera yenyewe: nafuu iliyokusudiwa mtu mwenye balbu moja humfikia tu akiwa na mita kwa jina lake au la mwenye nyumba wake, na anayekosa mita hiyo mara nyingi ndiye mpangaji wa chumba kimoja. Mtu anayeishi peke yake katika nyumba nzuri na kuwa mjini siku nyingi alilipa 12.22. Nyanya, kabla ya mita mpya kufungwa, alikuwa akilipa daraja la juu kabisa nchini. Daraja la chini lilipokuwa likifika uniti 100, ploti ndogo za vyumba vinne au vitano ziliweza bado kuingia. Liliposhushwa hadi 30, karibu kila ploti yenye mita moja ilitoka.

Kuhusu mabwawa, nilikuwa mwangalifu nisiwaambie watu kwamba malalamiko yao hayana msingi, kwa sababu yanao. Yaliwekwa tu katika mlango usio wake. Bei ya nyumbani nchini Kenya ni moja kwa nchi nzima. Umeme wa Kiambere au Gitaru huingia katika gridi pamoja na wa jotoardhi wa Olkaria na wa upepo wa Marsabit, na mteja wa Tana hulipa mchanganyiko huo, gharama za njia kuu, za usambazaji na za umeme unaopotea njiani, sawasawa na mteja wa Mombasa. Ukaribu na mtambo haupunguzi chochote katika hesabu hiyo. Kuna njia moja tu ambayo mto huonekana kwenye risiti mwezi hadi mwezi: mvua ikikosekana na maji ya Masinga yakishuka, kama mwaka 2009 mtambo huo ulipolazimika kuzimwa, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi na gharama ya mafuta kwa kila uniti hupanda. Mkazi wa bonde hilo anayepoteza mahindi kwa ukame huulipia ukame uleule mara ya pili kwa tokeni.

Dai la haki juu ya mto, basi, ni dai la mgao wa mapato ya uzalishaji. Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mgao wa namna hiyo kwa mrabaha wa jotoardhi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo. Kifungu hicho hakitaji mabwawa. Barua iliyoandikwa kuomba bei ya chini ingekuwa na nguvu zaidi kama ingeomba mto utendewe kama mvuke wa jotoardhi ulivyotendewa. Niliwaandikia aya mbili za kuongeza kwa maana hiyo. Kamati ya baraza ilizisoma, ikazikubali, na kuziweka katika faili pamoja na barua ya kwanza.

Kasoro ya mwisho ni ya mpangilio wetu wenyewe. Tulikubaliana mita ya tano iwe ya nyanya kwa sababu alistahili, na sijuti. Lakini kihesabu mita hiyo ingefaa zaidi kwa chumba cha uniti 16: mita ya zamani ingebaki na 28 na kuingia daraja la chini, nyanya akiwemo. Ikitolewa kwa nyanya, inabaki na 38 na kuendelea kulipa 16.30. Niliwaeleza jambo hilo mwezi wa Machi. Yule wa uniti 16 alisema ahadi ni ahadi, na mita ikija iende chumba cha nyanya.